Pumzi ni dozi: kulinda mapafu ya mgonjwa anayepumulishwa na mashine kwenye upasuaji mkubwa

Hotuba kwa wataalamu wa usingizi, wauguzi wa thieta na mafundi wa vifaa tiba, Moshi

Wakubwa zetu, shikamooni. Wenzetu wa usingizi na wa thieta, habari za asubuhi. Na ninyi mafundi wa vifaa tiba mliokaa viti vya nyuma kama kawaida yenu, tunawaomba msogee mbele, kwa sababu karibu nusu ya tutakayosema leo yanawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Tuanze na mgonjwa wa mfano. Mama wa miaka 58, urefu sentimita 155, uzito kilo 92, amekuja kufunguliwa tumbo kwa ajili ya uvimbe wa utumbo mpana. Nusu kaputi imeshamchukua, mrija wa kupumulia umeingia, kapnografu, kipimo cha hewa ukaa anayotoa, inaonyesha mawimbi mazuri. Sasa kidole kiko juu ya kitufe cha mashine. Tumpe mililita ngapi kwa kila pumzi?

Mara nyingi jibu huwa 500, kwa sababu ndiyo namba iliyokuwapo mashine ilipowashwa, au ndiyo iliyobaki tangu mgonjwa wa jana. Mwingine hukumbuka kuwa darasani waliambiwa mililita 8 kwa kilo, akazidisha kwa 92, akapata 736. Jibu la mama huyu ni karibu 335.

Sababu ni nyepesi: mapafu hayanenepi. Mtu akiongezeka kilo 40 huongezeka tumbo, nyonga na mashavu, lakini mapafu yake ni yale yale aliyokuwa nayo alipokuwa mwembamba, na ukubwa wake hufuata urefu na jinsia. Kwa hiyo kilo tunazotumia si za mizani, ni kilo zinazokadiriwa kutokana na urefu. Kwa mwanamke, chukua urefu kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, jumlisha 45.5. Kwa mwanamume ni hivyo hivyo, ila mwisho unajumlisha 50. Mama wetu: 155 toa 152.4 ni 2.6, mara 0.91 ni karibu 2.4, jumlisha 45.5, anapata kilo 47.9. Mara 7, ni mililita 335. Zile 500 za mazoea ni zaidi ya mililita 10 kwa kila kilo yake ya mapafu, na zile 736 ni zaidi ya 15. Hakuna kati yetu ambaye angempa mtu dawa ya kulegeza misuli mara mbili ya dozi kisha aseme ndiyo iliyokuwa kwenye sindano. Pumzi nayo ni dozi.

Asiyependa hesabu asubuhi abandike karatasi ubavuni mwa mashine, kwa mililita 7 kwa kilo. Mwanamke wa sentimita 150 apewe 300, wa 155 apewe 335, wa 160 apewe 365, wa 165 apewe 400. Mwanamume wa 160 apewe 400, wa 165 apewe 430, wa 170 apewe 460, wa 175 apewe 495. Mtaona kwamba 500 inamfaa mwanamume mrefu wa sentimita 175, na wanawake wengi tunaowalaza mezani hawaifikii hata kwa mbali. Wanaoumia zaidi kwa namba ya mazoea ni wanawake wafupi, na hao ndio wamejaa kwenye orodha zetu.

Lakini urefu wenyewe uko wapi? Fungueni faili lolote. Uzito umeandikwa, presha imeandikwa, urefu nafasi iko wazi. Dawa yake ni tepu ya fundi cherehani, ile ya mita moja na nusu. Pale Kiborloni haikosekani. Mgonjwa akiwa amenyooka kitandani, mmoja ashike kisigino, mwingine utosini. Anayezidi tepu, wekeni alama ya kalamu kwenye shuka na kuendelea. Kwa aliyepinda mgongo au aliyevunjika miguu, pimeni kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja mpaka cha mkono wa pili, mikono ikiwa imenyooshwa pembeni. Urefu huo hukaribia sana urefu wa mtu. Usimuulize tu mgonjwa. Wanaume hujiongezea.

Sasa kwa nini pumzi kubwa iumize? Na kwa nini walimu wetu wa zamani walitufundisha pumzi kubwa? Hawakuwa wajinga. Mwaka 1963 Bendixen na wenzake huko Boston walionyesha kwamba mgonjwa aliye kwenye nusu kaputi, akipewa pumzi ndogo ndogo zisizobadilika, oksijeni ya damu hushuka kwa sababu sehemu za mapafu zinanywea. Wakashauri pumzi kubwa ili zifunguke. Ugonjwa waliuona sawasawa. Ila dawa waliyoichagua ina madhara yaliyokuja kujulikana baadaye. Mwaka 1974 Webb na Tierney waliwapumulisha panya kwa shinikizo la sentimita 45 za maji, ndicho kipimo chetu cha shinikizo, bila kuacha shinikizo lolote mwisho wa pumzi. Mapafu yakajaa maji na panya wakafa ndani ya saa moja. Panya waliopewa shinikizo lile lile la juu, lakini mwisho wa pumzi wakaachiwa sentimita 10, mapafu yao hayakuharibika kiasi hicho. Kwa hiyo kuna majeraha mawili. Moja ni la kunyoosha kupita kiasi. La pili ni la kufunga na kufungua, kufunga na kufungua, mara 12 kwa dakika, mara 720 kwa saa.

Fikirieni mfuko wa nailoni uliolowa, pande zake zimegandana. Kuuachanisha mara ya kwanza kunataka nguvu; ukishaachana, nguvu kidogo tu inatosha kuuweka wazi. Ukiuacha ugandane tena kila mara, ndipo unachanika. Vifuko vya hewa vya mapafu viko hivyo, na viko mamilioni kwa mamia.

Mtu akipewa nusu kaputi akiwa chali, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hulegea na kupanda juu, hewa inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi hupungua kwa karibu nusu lita, na sehemu za chini, mgongoni karibu na kiwambo, hunywea ndani ya dakika chache. Picha za CT zilizopigwa Sweden miaka ya 1980 zilionyesha hali hii kwa wagonjwa karibu 9 kati ya 10, wakiwamo vijana wenye mapafu safi. Hapo ndipo hatari inapoongezeka: sehemu ikinywea, pumzi yote huenda kwenye sehemu iliyobaki wazi. Mama wa mililita 500, ikiwa theluthi ya mapafu yake imefunga, kwa kweli anazipokea kwenye mapafu ya mtoto. Jeraha halionekani mezani. Linaonekana siku ya pili na ya tatu wodini: oksijeni 88, homa, makohozi, nimonia, na ndugu wanaambiwa kwamba upasuaji ulikwenda vizuri ila kifua ndicho kimeleta shida.

Ushahidi uko hivi. Mwaka 2000 huko Marekani, wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyokwisha kuumia vibaya waligawanywa, wengine mililita 6 kwa kilo na wengine 12. Waliopata 12 walikufa asilimia 39.8, waliopata 6 asilimia 31.0. Hao walikuwa wa ICU, wodi ya mahututi. Kwa wagonjwa wa thieta wenye mapafu mazima, jaribio la Ufaransa la mwaka 2013 lilichukua watu 400 wa upasuaji mkubwa wa tumbo: kundi moja mililita 10 hadi 12 bila shinikizo la mwisho wa pumzi, jingine mililita 6 hadi 8 na shinikizo la 6 hadi 8, pamoja na kuyafungua mapafu kila nusu saa. Matatizo makubwa ya mapafu na ya jumla yalikuwa asilimia 27.5 kundi la kwanza, 10.5 la pili.

Tuwe wakweli hapa, maana ushahidi haupandi ngazi moja kwa moja. Mwaka 2020 Australia walilinganisha mililita 6 na 10 kwa wagonjwa zaidi ya 1,200, lakini makundi yote mawili yakapewa shinikizo la mwisho wa pumzi la 5. Tofauti haikuonekana. Kwa maoni yetu hilo halituruhusu kurudi kwenye pumzi kubwa; linatuambia kuwa pumzi ndogo peke yake, bila kitu cha kuyaweka mapafu wazi, ni nusu ya kazi, na kwamba wa kumwogopea zaidi ni anayepewa pumzi kubwa huku mwisho wa pumzi hana kitu. Huyo ndiye mgonjwa wa mashine nyingi za zamani.

Hicho kitu cha kuyaweka wazi ni shinikizo linalobaki mapafuni mwisho wa pumzi, lile lililoandikwa PEEP kwenye mashine. Anzeni na sentimita 5 za maji. Sifuri si chaguo kwa upasuaji mkubwa. Lakini msikimbilie 12 mkidhani zaidi ni bora. Mwaka 2014 jaribio la Ulaya na Marekani lenye wagonjwa 900 wa tumbo lilipima PEEP ya 12 dhidi ya 2 au chini yake, pumzi zikiwa ndogo kwa wote: mapafu hayakupona zaidi, ila presha ya damu ilishuka zaidi kwa waliopewa 12. Mwaka 2019 wakajaribu kwa watu wanene, karibu 2,000, 12 dhidi ya 4, na napo matatizo ya mapafu hayakupungua kwa kiasi cha kutegemewa. PEEP kubwa huzuia damu isirudi moyoni vizuri. Mgonjwa aliyepoteza damu, ukimpandishia kutoka 5 hadi 12 bila kumwongezea maji kwanza, utaiona presha ikianguka mbele ya macho yako.

Basi ya mgonjwa huyu ni ngapi? Mwulize yeye mwenyewe. Mpe mashine kituo kifupi mwisho wa kuingiza hewa, nusu sekunde hivi, hewa isimame. Shinikizo linalosomeka hewa ikiwa imesimama ndilo shinikizo tulivu. Lile la juu lililotangulia ni la kilele. Toa PEEP kwenye shinikizo tulivu, unapata shinikizo la kusukuma, yaani nguvu halisi inayoyatanua mapafu kila pumzi. Mama wetu: tulivu 22, PEEP 5, kusukuma ni 17. Ni kubwa, tunaitaka isizidi 15, na tukiweza iwe 13 au chini. Panda hadi PEEP 8, subiri dakika chache, pima tena. Ikiwa tulivu imebaki 22, kusukuma sasa ni 14: mililita zile zile zinaingia kwa nguvu ndogo, maana yake umefungua vifuko vilivyokuwa vimefunga. Baki hapo. Lakini ikiwa tulivu imeruka hadi 27, kusukuma ni 19: hujafungua kitu, umezidi kunyoosha vilivyokwisha jaa. Rudi chini. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, kinachukua chini ya dakika moja, na mashine nyingi zenye mvukuto, ule mfuko unaosukuma hewa kwa mgonjwa, zina kitufe chake. Kwa pumzi za kawaida shinikizo tulivu lenyewe lisipite 30 kwa vyovyote, na kwa mapafu mazima tunapenda lisifike 20.

Tofauti kati ya kilele na tulivu nayo inasema. Kilele kikipanda peke yake, tulivu ikabaki, shida iko njiani: mrija umejikunja, mgonjwa anauuma, makohozi yameziba, au pumu imembana. Vyote viwili vikipanda pamoja, shida iko kwenye mapafu au kifua: mrija umeteleza ndani ukaingia pafu la kulia peke yake, hewa imevuja kati ya pafu na ukuta wa kifua, mapafu yamenywea, daktari mpasuaji ameegemea kifua, au dawa ya kulegeza misuli imekwisha. Mrija kuteleza ndio wa kwanza kukagua kila mara meza inapoinamishwa kichwa chini au gesi ya laparoskopi, upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, inapoingizwa tumboni, maana kiwambo husukuma mapafu juu yakaufuata mrija. Stetoskopu pande zote mbili, na soma alama ya sentimita kwenye meno. Usiongeze oksijeni kwanza ukadhani umetibu.

Sasa tufike kwa mafundi. Mashine nyingi tulizonazo, hasa za msaada na za miaka mingi, hazitenganishi gesi mpya na pumzi ya mvukuto. Gesi inayotiririka kutoka kwenye vipimo vya oksijeni na hewa huingia kwa mgonjwa pia wakati mvukuto unasukuma. Fanyeni hesabu na sisi. Gesi lita 6 kwa dakika ni mililita 100 kwa sekunde. Pumzi 12 kwa dakika ni sekunde 5 kila moja. Kwa uwiano wa kuingiza na kutoa wa 1 kwa 2, kuingiza ni sekunde 1.67. Mara 100, ni mililita 167. Umeweka 335 kwa uangalifu wote, mgonjwa anapokea 502. Tumerudi pale pale tulipotoka. Ukishusha gesi hadi lita 1, nyongeza ni mililita 28 tu. Ndiyo sababu mtu anapofungua gesi zaidi katikati ya upasuaji, shinikizo hupanda bila yeye kugusa kitufe cha pumzi. Kuna na kinyume chake: mabomba ya plastiki hutanuka yakapunja pumzi, mililita 2 hadi 3 kwa kila sentimita ya shinikizo. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye kitufe ni ahadi tu. Namba ya kuamini ni ile inayopimwa kwenye pumzi inayotoka. Fundi, kipima pumzi cha upande wa kutoa hewa kikiharibika, hicho si kifaa cha kusubiri bajeti ya mwaka ujao.

Anayetaka kushusha gesi awe na chokaa ya kunyonya hewa ukaa ambayo haijachoka na kipimo cha oksijeni kinachofanya kazi. Pasipo hivyo aache gesi ilivyo, apunguze pumzi kwenye kitufe mpaka kinachotoka kwa mgonjwa kiwe kile anachotaka.

Jingine la vifaa: chujio na kiunganishi kirefu kati ya mrija na mabomba. Vikichukua pamoja mililita 80, kwa mama wa 335 karibu robo ya kila pumzi inakwenda na kurudi humo bila kufika kwenye damu. Tumieni kiunganishi kifupi. Hewa ukaa ikipanda, ongezeni idadi ya pumzi, 14 hadi 16 na hata 18, kabla ya kuongeza ukubwa. Ikifika milimita 45 hadi 50 za zebaki kwa mgonjwa asiye na jeraha la kichwa wala presha kubwa ya mishipa ya mapafu, haina neno. Ila mwenye pumu au mapafu ya moshi wa jikoni wa miaka 40 asiongezewe kasi: yeye anataka muda mrefu wa kutoa, pumzi 8 hadi 10, uwiano wa 1 kwa 3 au 1 kwa 4, la sivyo hewa inajibana ndani pumzi juu ya pumzi mpaka presha ya damu ianguke. Ikianguka, mtoe kwenye mashine sekunde chache, acha hewa itoke. Tuna pia wengi waliowahi kutibiwa kifua kikuu, wengine wamepitia hospitali ya Kibong'oto, wenye makovu na mapango mapafuni. Hao hawafanyiwi zoezi la kufungua mapafu kwa shinikizo kubwa.

Zoezi hilo lenyewe tulieleze, kwa sababu ndilo linaloharibiwa zaidi. Linafanywa kwa sababu: mrija umechomoka kwenye mabomba, umenyonya makohozi, au oksijeni imeshuka na umeshathibitisha mrija uko mahali pake. Halifanywi kwa kubonyeza begi kwa nguvu mara tatu kama mtu anayefukuza moto. Ikiwa mashine yako inaweza, panda ngazi kwa ngazi mpaka shinikizo tulivu lifike 30, mnene 40, pumzi tatu hivi, ushuke. Ikiwa haiwezi, weka kwanza PEEP tayari upande wa mashine, geuza swichi kwenda begi, kaza valvu ya kutolea gesi, jaza mpaka kipimo kisome 30, shikilia sekunde 30 macho yakiwa kwenye presha ya damu, kisha rudisha swichi upesi. Kosa la kawaida ni kuanza kutafuta kitufe cha PEEP baada ya kurudi kwenye mashine. Kwa muda huo mapafu yamefunga tena na umefanya kazi bure. Presha ya juu ikishuka chini ya 90, acha. Na kabla ya kuanza, hakikisha mgonjwa ana maji ya kutosha na hana hewa iliyovuja kifuani.

Oksijeni. Kabla ya kulala, dakika tatu za asilimia 100, kichwa kimeinuliwa nyuzi 30. Hapo usibane, ni akiba ya uhai. Mrija ukishaingia na hali ikitulia, shusha hadi asilimia 30 au 40, na uridhike na kipimo cha kidole cha 94 kwenda juu. Oksijeni tupu hunyonywa yote na damu ikaacha kifuko bila cha kukishikilia, kikanywea. Naitrojeni ya hewa ya kawaida ndiyo nguzo inayobaki. Mtakumbuka kuwa Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza asilimia 80 kwa ajili ya kuzuia vidonda kuambukizwa. Mwaka 2018 likalipunguza nguvu pendekezo hilo likawa la masharti. Kwa mapafu, sisi tunabaki na kiwango cha chini kinachotosha.

Hapa mwinuko unaingia. Dar es Salaam shinikizo la hewa ni kama milimita 760 za zebaki. Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, ni kama 640. Moshi tuko katikati. Asilimia 40 ya Dar es Salaam inafikisha kwenye koromeo oksijeni yenye shinikizo la karibu 285. Asilimia 40 ile ile Arusha ni karibu 237. Anayetaka ya Dar es Salaam akiwa Arusha aweke 48. Kwa hiyo msishangae mwongozo ulioandikwa pwani usipotosheleza huku juu, wala msimlaumu mgonjwa wa Arusha mwenye 95 kabla ya kulala kana kwamba ni mgonjwa wa mapafu. Na wale wa mashine za kuzalisha oksijeni: hutoa takribani asilimia 93 zikiwa nzima, na zikichoka hushuka bila kelele. Pimeni.

Umeme ukikatika, na betri ya mashine nayo imezeeka, mkono unashika ambu, begi la kupumulishia kwa mkono. Begi la mtu mzima lina karibu lita 1.5, na mkono mmoja tu ukilibonyeza lote hutoa zaidi ya mililita 500. Bonyeza kwa vidole, kifua kiinuke kidogo, na weka valvu ya PEEP kwenye ambu. Ni kifaa kidogo cha plastiki chenye springi, kikae kwenye droo ya mashine na si stoo.

Kuhusu upasuaji wa kifua kwa pafu moja, tutasema kwa ufupi ingawa kwa saratani ya umio tuliyonayo mkoani si jambo la nadra: mililita 4 hadi 6 kwa kilo ile ile ya urefu, PEEP 5 kwa pafu linalofanya kazi, shinikizo la kusukuma chini ya 15. Ukigeuza kwenda pafu moja ukaacha pumzi ya mapafu mawili, umelitwika pafu moja kazi ya mawili.

Kuamka kunaweza kubomoa yote. Dawa ya kulegeza misuli ikibaki hata kidogo, mgonjwa hawezi kukohoa wala kufungua mapafu yake, na mate yanashuka. Kuinua kichwa sekunde 5 si kipimo cha kutegemea. Wapo wanaoinua na misuli ya koo bado imelegea. Penye kifaa cha kusisimua neva, kinachotoa mishtuko minne mfululizo, tunataka misuli iitikie mshtuko wa nne kwa asilimia 90 ya nguvu ya wa kwanza, kwa kipimo cha namba na si kwa macho. Neostigmini, dawa ya kuirudishia misuli nguvu, miligramu 0.04 hadi 0.05 kwa kilo, isizidi 5, pamoja na atropini, itolewe mwitikio wa mishtuko yote minne ukiwa umesharudi, kisha subirini dakika 10. Kumpa dakika moja kabla ya kuvuta mrija ni desturi ya haraka ya orodha ndefu, na wodi ndiyo inayoilipia. Mrija utolewe kichwa kikiwa juu, PEEP ikiwa imeendelea mpaka dakika ya mwisho. Usinyonye makohozi kupitia mrija huku unauvuta; unanyonya na hewa.

Kisha karatasi ya kukabidhi wodi. Andikeni juu yake alama za hatari kabla hata ya upasuaji: umri kupita miaka 50, oksijeni ya kidole 95 au chini, kifua au mafua ndani ya mwezi uliopita, damu gramu 10 au chini, kidonda cha tumbo la juu au kifua, upasuaji kupita saa mbili, dharura. Mwenye tatu au nne kati ya hizo asipelekwe kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Kichwa nyuzi 30, maumivu yatulizwe kiasi cha kuweza kukohoa huku ameshikilia mto tumboni, pumzi ndefu kumi kila saa anapokuwa macho, meno yapigwe mswaki, na jioni ya siku ile ile au kesho asubuhi akae kwenye kiti.

Tepu za cherehani ziko mezani pale mlangoni, pamoja na karatasi za namba zilizofunikwa kwa plastiki. Kila thieta ichukue tepu mbili, moja itapotea. Mafundi, kabla hamjaondoka tuna mashine moja hapa ya kupima nyongeza ya gesi. Leteni kipima pumzi chenu tulinganishe namba.